Kasaini asifundishe kaiti miaka miwili: kisa cha kijana wa Jambiani na barua ya dola 5,000

Kisa hichi ni cha kijana wa Jambiani, Unguja, instrakta wa kaiti (mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa), na skuli moja ya kaiti upande wa Paje aliyokuwa akiifanyia kazi. Majina siweki, la kijana wala la skuli, shauri lilimalizwa kwa makubaliano na kila mtu kaendelea na shughuli zake. Ila mwenyewe kaniruhusu nieleze, maana wenzake wengi pwani ile wamesaini karatasi kama yake na hawajui ndani yake mna nini.

Kijana kakulia ufukweni pale. Alianza kwa kubeba vifaa na kujaza upepo makaiti ya wageni, baadae akawa anashika kaiti mgeni anapoanza, akajifunza kwa kuangalia mpaka akawa anaruka kuliko hao wageni wenyewe. Skuli ikamuona. Wakamwambia tutakulipia kozi ya uinstrakta upate cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, halafu utufanyie kazi miaka miwili. Kwa kijana ambaye mama yake analima mwani na hana pa kuitoa dola 1,600, hiyo ni neema kubwa na naomba msomaji aliweke hilo kichwani, maana huyu tajiri, yani mwenye skuli, si shetani, kuna kitu cha kweli alikitoa.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tisa, kausaini kasimama kaunta huku wageni wanasubiri vifaa. Hakuna aliyemsomea. Vipengele vitatu ndo vilivoleta balaa. Kimoja kinasema akiondoka kabla ya miezi 24 atarudisha gharama ya kozi, dola 1,600. Cha pili kinasema mawasiliano ya wageni ni mali ya skuli. Cha tatu ndo kizito, kinasema baada ya kuondoka, kwa muda wa miezi 24 na ndani ya kilomita 100 kutoka Paje, asifundishe, asisaidie wala asiwe na hisa kwenye biashara yoyote ya kaiti "na michezo mengine ya majini", na akivunja alipe dola 5,000.

Mshahara laki sita kwa mwezi. Alianza Januari. Masika ya mwanzo alilipwa, maana ndo wakati aliokuwa anasomeshwa. Masika ya pili, Aprili na Mei, upepo hakuna na wageni hakuna, skuli ikafungwa, akaambiwa pumzika nyumbani tutakuita. Hakulipwa hata shilingi. Nimeusoma mkataba wote na hakuna popote paliposema kwamba masika mshahara unasimama, ni mkataba wa mshahara wa mwezi kwa miezi 24 mfululizo. Mwisho wa Mei akatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, Juni akafanya kazi yote, Julai akaanza skuli nyengine palepale ufukweni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Wiki mbili tu, meneja akamtumia voisi: "Mdogo wangu, umesaini mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono. Ukitaka kaiti nenda kafundishe Kenya." Kijana akajibu, "Kaka, mie nnatafuta riziki tu, sijamuibia mtu." Baada ya hapo ikaja picha ya barua ya wakili kwa wasapu: siku 14, dola 5,000 pamoja na dola 1,600 za kozi, la sivyo mahakamani. Mama akaenda kwa sheha akiwa na wazo la kuuza kiwanja. Sheha, Mungu ambariki, akawaambia msiuze kitu kwanza, tafuteni mtu wa sheria akusomeeni. Ndo wakanifikia mie, kazi yangu ni usaidizi wa sheria, na kijana ananiita ami kwa sababu baba yake tulikuwa darasa moja.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kila mtu aliyemshauri kabla yangu alikuwa anamsomea sheria isiyo yake. Mmoja kamtumia vifungu vya sheria ya ajira ya Tanzania Bara, ile ya 2004. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, tuna Kitengo chetu cha kushughulikia migogoro ya kazi na Mahakama yetu ya Kazi, ile tume ya usuluhishi ya Bara haituhusu. Na kwenye mikataba kwa jumla tuna Dikrii ya Mikataba, Sura ya 149, sheria ya enzi ya Waingereza ambayo imetoka kwenye sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872.

Hapo kwenye India pana jambo kubwa. Kifungu cha 27 cha sheria ile ya 1872 kinasema kwa ufupi kwamba makubaliano yoyote yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kiasi hicho, isipokuwa mtu anapouza biashara yake pamoja na jina lake na wateja wake, hapo mnunuzi anaweza kumzuia muuzaji asifungue nyengine ubavuni. Mahakama za India zimekishika kifungu hicho kwa nguvu. Mwaka 1967, kwenye kesi ya Golikari na kiwanda cha Century Spinning, walisema kumzuia mtu asimfanyie kazi mshindani wakati mkataba wake wa kazi bado unaendelea ni sawa. Lakini akishatoka ni habari nyengine, huko kwa kawaida kizuizi kinakufa, hata kiwe kimeandikwa kwa heshima gani.

Na hichi kifungu cha 27 chanzo chake wala si Uingereza. Kilichukuliwa kwenye rasimu ya sheria iliyoandikwa na Mmarekani mmoja, David Dudley Field, kwa ajili ya New York, na California wakaichukua rasimu hiyohiyo mwaka huohuo wa 1872, ndo maana mpaka leo California ni maarufu kwa kukataa mikataba ya aina hii. Nalisema hili kwa sababu mkataba wa kijana ulikuwa na harufu yote ya templeti ya Kimarekani iliyokopiwa intaneti, hata neno la jimbo walilisahau kulifuta kwenye kipengele cha mwisho. Kwa hiyo mtu anakopi karatasi Marekani anaileta Paje akidhani huko zinashika tu bila shida. Huko kwenyewe wanagombana. Aprili 2024 tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni ya kuzipiga marufuku karibu nchi nzima, ikikisia wafanyakazi milioni 30 wamefungwa nazo, Agosti mwaka huohuo mahakama ya Texas ikaizima, na Septemba 2025 tume ikaacha kukata rufaa. Kila jimbo lina lake.

Tajiri ana njia ya pili, na wakili wake aliitumia: akasema mahakama zetu zinafuata pia maamuzi ya Kiingereza, na sheria ya Kiingereza inakubali kizuizi kikiwa cha kiasi. Kweli, hilo lipo. Msingi wake ni kesi ya Nordenfelt ya 1894, mtengeneza bunduki aliyeuza biashara yake na akafungwa asishindane miaka 25 dunia nzima, Mabwana wa Bunge la Uingereza, ambao wakati ule ndo walikuwa mahakama ya juu kabisa, wakakubali. Lakini yule aliuza biashara na alilipwa pesa nyingi, alikuwa si mtu wa mshahara. Kwa mfanyakazi mahakama hizohizo zilikuwa kali. Mwaka 1913 ilikuja kesi ya Mason, mtu wa kutembeza nguo za mkopo sehemu moja tu ya London, mkataba ukamzuia maili 25 kuzunguka London kwa miaka mitatu, wakasema hapana, umezidi mno kile tajiri anachohitaji kukilinda. Mwaka 1916 kwenye kesi ya Herbert Morris na Saxelby wakaliweka wazi zaidi: tajiri ana haki ya kulinda siri zake na uhusiano wake na wateja, lakini hana haki ya kujikinga na ushindani peke yake, na ujuzi ulioingia mkononi na kichwani mwa mfanyakazi ni wa mfanyakazi, hata kama kaupatia kazini kwako. Kenya wao wana sheria yao fupi ya Bunge inayoruhusu vizuizi hivi lakini inaipa Mahakama Kuu nguvu ya kuvifuta vikizidi kwa muda, eneo au aina ya kazi. Kwa hiyo hata ukimpa tajiri mlango mrahisi zaidi, bado lazima apite kwenye swali la kiasi.

Tukakaa na ramani. Nilimwambia kijana tuchore duara la kilomita 100 tuweke katikati Paje. Duara likaimeza Unguja yote mpaka Ras Nungwi, kisiwa ambacho urefu wake haufiki hata kilomita 90, kisha likavuka bahari likachukua Dar es Salaam na Bagamoyo. Tajiri ana skuli moja, banda moja, wageni wake wanatoka hoteli za Paje, Jambiani na Bwejuu. Anayejifunza kaiti Dar anamuathiri vipi? Na muda: kaiti kwetu ina sizoni mbili, kusi kuanzia Juni na kaskazi kuanzia Disemba, miezi 24 ni sizoni nne, instrakta asiyefundisha sizoni nne cheti chake kinakuwa karatasi na wageni wanaomjua wanamsahau. Halafu "michezo mengine ya majini", yani asikodishe hata ubao wa kupiga kasia. Huyu mtu skuli aliishia la kumi na mbili, kazi anayoijua ni bahari. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 22, inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sisemi Katiba peke yake inafuta mkataba, lakini hakimu atakayeambiwa amzuie kijana huyu atalazimika kulifikiria hilo.

Na hao mahakimu wa Kiingereza hawapendi kumtengenezea tajiri mkataba wake. Mwaka 1920, kesi ya Attwood na Lamont, mkata nguo wa duka kubwa Kidderminster kazuiliwa kazi chungu nzima ndani ya maili kumi, tajiri akaomba basi mahakama ifute zile nyengine ibakishe ya ushoni tu, wakakataa. Ukiandika kwa tamaa unaweza kukosa chote. Kuna pia ile ya General Billposting ya 1909, tajiri aliyevunja mkataba yeye kwa kumfukuza mtu isivyo halali alikosa haki ya kukishikilia kizuizi. Kijana wetu hakufukuzwa, alitoa notisi mwenyewe, kwa hiyo sikuitegemea sana, lakini miezi miwili bila mshahara ni kuvunja mkataba na niliiweka kwenye majibu.

Hapa sasa nataka watu wanisikilize, hasa vijana, maana nikishasema kizuizi hakishiki wanaondoka wanashangilia na kuacha nusu ya maneno. Tajiri alikuwa na haki zake tatu na mbili kati ya hizo kijana alikuwa hazioni kabisa.

Pesa ya kozi ni deni la kweli. Mtu kakusomesha, mkakubaliana utafanya kazi miezi 24, umefanya 18. Hiyo haimzuii mtu kufanya kazi popote, inasema rudisha gharama. Lakini si dola 1,600 zote. Sheria za ukoo huu wa India, kifungu cha 74, zinasema pesa iliyotajwa kama adhabu si lazima ilipwe yote, mahakama inatoa fidia ya kiasi isiyozidi hiyo iliyotajwa. Skuli ishafaidika na miezi 18 ya kozi ile, imebakia robo, robo ya 1,600 ni dola 400. Hiyo niliona ni haki na nilimwambia kijana waziwazi, hii utalipa. Na kwa kifungu hichohicho zile dola 5,000 zinayumba, hata kama kizuizi chenyewe kingesimama: tajiri aonyeshe kapoteza nini. Hakuonyesha kitu.

La pili ni wageni. Nilimuuliza simu yako ina namba za wageni? Akanambia ndio ami, zote. Zote ni za nani? Kimya. Kumbe wiki ya mwisho kabla hajaondoka alikuwa anazinakili namba kutoka simu ya skuli, ile ya bukingi, na wawili kashawaandikia waje kwake. Na hao wawili walikuwa wameshalipa arubuni pale skuli. Nilimkemea. Ujuzi ni wako, lakini daftari la wageni ni la mwenye biashara, na kulichukua wakati bado unakula mshahara wake ni jambo ambalo hakimu yeyote atakukasirikia, na linaharibu kesi yako nzuri yote. Tukazifuta namba zile mbele yangu, na wale wageni wawili akawaandikia warudi walikolipa. Mgeni anayekuja mwenyewe ufukweni akamkuta akasema nakukumbuka, huyo hana ubaya.

La tatu, nilimuuliza kama Juni, wakati wa notisi, alifundisha pembeni. Akasema hapana na skuli mpya ikathibitisha kwa karatasi kaanza Julai. Lingekuwa ndio, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, maana kumtumikia mshindani huku bado umeajiriwa hata India hawakutetei.

Barua ya wakili isinyamaziwe hata siku moja. Watu wengi wanadhani ukinyamaza inakwisha, inakwisha vipi, mwenzio anakwenda mahakamani kuomba zuio na wewe hupo. Tukajibu ndani ya zile siku 14, ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili: kizuizi tunakikataa na sababu zake, eneo, muda, aina ya kazi; kozi tunakubali dola 400; namba za wageni zimefutwa; na tunadai mshahara wa Aprili na Mei, shilingi 1,200,000, na yasipoisha tunakwenda Kitengo cha migogoro ya kazi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 kwa ajili ya watu wasio na pesa ya wakili, na nilimwambia mapema kwamba likifika mahakamani mie si wakili, atahitaji wakili.

Halikufika. Wakili wa upande wa pili alipiga simu, mtu muungwana, akaniuliza mnataka nini. Tukakutana Mkunazini kwa mazungumzo, meneja kaja mwenyewe. Mwanzo alikuwa mkali, "nimemtoa kwenye kubeba makaiti mimi!" Kijana akasema ni kweli kaka, na shukrani ninayo, lakini masika ile nyumbani tulikula kwa mwani wa mama. Meneja akanyamaza. Nadhani hakuwa ameifikiria ile miezi miwili hata kidogo, kwa wenye biashara pwani masika ni kufunga tu banda, hawaulizi walioko nyumbani wanaishi vipi.

Hesabu tuliifanya mezani. Dola 400 kwa 2,500, kwa haraka haraka ni shilingi milioni moja. Mshahara wa miezi miwili milioni moja na laki mbili. Skuli ikamlipa kijana laki mbili, kizuizi kikafutwa kwa maandishi, kijana akasaini kwamba hatawaandikia wageni waliomo kwenye daftari la skuli kwa mwaka mmoja, na akapewa barua ya uzoefu wa kazi ambayo alikuwa ananyimwa. Hicho kipengele cha wageni mwaka mmoja ndicho kipengele ambacho skuli ingekiandika tangu mwanzo. Ni kidogo, kinalinda kitu chake cha kweli, na hakimzuii mtu kuingia baharini.

Kitu kimoja hatukukimaliza na nakuwa mkweli kwamba sijui hakimu wetu angekiamua vipi. Akaunti ya Instagram ya kijana ilijaa video alizopigwa akiwa na jezi ya skuli, wafuasi wake wengi wamekuja kwa hizo, na wageni wanamuandikia humo humo. Skuli ilitaka azifute video. Yeye akasema huyo kwenye video ni mimi. Tukakubaliana zile zenye nembo ya skuli aziondoe na akaunti ibaki yake, lakini huo ulikuwa ni uungwana wa mezani, kwenye mkataba halikuwemo neno hata moja juu yake.